Pima ya Wapi?

Mbuni zilipoanza kushuka kutoka Wanale
tulikuwa wawili tulioandika neno moja,
na hakuna aliyejua.
Mimi Mbale, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki;
Cheptoek Kapchorwa, kwenye baridi,
mtandao ukikatika kila wingu linapokohoa.

Yeye aliandika *pima*:
kahawa kavu, ipokee kilo kwa kilo.
Mimi niliandika *pima*:
kahawa mbivu, nyekundu, yenye maji na utamu uitao nyuki,
igawe kwa tano.
Kisha tukaunganisha kazi, tukapongezana kwa simu.

Kompyuta haibishani.
Aliyeingia mwisho ndiye anayekalia kiti;
wa kwanza anatolewa dirishani
bila hata kikohozi.
Niliingia mwisho.

Siku ya malipo, Busano,
mwanamke aliyeleta kilo sitini za kahawa kavu,
wiki mbili akiigeuza juani kwa viganja vyake,
alisomewa kumi na mbili.
Hakufoka. Alifungua fundo la kitenge,
akatoa kikaratasi cha mizani,
akakinyoosha mbele ya skrini
kana kwamba kioo ndicho kisichojua kusoma.

Nilipanda boda kwenda kuomba radhi
kabla sijajua kosa liko wapi.
Nikamkuta karani Mugide ghalani na daftari lake.
Akaita, "Nambozo!"
Wakasimama watatu.
Hakushtuka, wala hakuinua macho.
"Wa Bukhama."
Wakaketi wawili.
Akabaki yule wa kikaratasi.
"Na wakiwa wawili Bukhama?" nikauliza.
"Wako wawili. Mwingine ni wa Bukhama, wa kwa fundi cherehani.
Kwani nyinyi huko mjini mnaitanaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na faili.

Usiku nikaifungua. *Mbivu.pima. Kavu.pima.*
Nukta moja, punje ya ulezi,
na kila mmoja akapata mlango wa kugongewa.
Cheptoek alicheka hadi akapaliwa:
"Kwetu kila azaliwaye ng'ombe wakitoka zizini ni Chelimo.
Darasani kwa mwanangu wako watano.
Vipi nilisahau?"

Ni kwa sababu ya ile amri ya kivivu, *leta vyote*,
tuliyoipenda sote wawili:
unavuta ukoo mzima wa mtu hadi sebuleni kwako,
halafu unaita "Mama!"
na kushangaa wangapi wanageuka.

Juu kabisa ya faili, mahali ambapo mashine haisomi,
nikawaachia watakaokuja:

Kila jina lina kwake, mlango linakotoka,
Usilisukume lake, jirani akaanguka,
Uitapo utamke, ukoo upate fika,
Pima ya mbivu iweke, ya kavu imetengeka.

Cheptoek akasema mizani imetimia, sasa tujaribu ile nyingine.
Tukajaribu. Sitini ikatoka sitini.

Lakini sikuandika *mbivu* kila mstari.
Ndani ya nyumba yake bado ni *pima* tu,
kama nami kwa mama yangu sina ukoo wala kituo,
nina jina fupi
na sauti ya kuliita kutoka jikoni.
Majina marefu ni ya barabarani,
ni ya ghalani, penye watu wengi na pesa.

Ijumaa tulirudisha kilo arobaini na nane.
Nambozo alihesabu noti mara mbili,
ya pili polepole zaidi, akinitazama mimi, si noti.
Nikamsogezea fomu.
Akaandika jina.
Akasita, kalamu juu,
kisha akaongeza kijiji,
ingawa fomu yangu
haikuwa na nafasi ya kijiji.